Vijiti na koni kupasiana umeme ndani ya jicho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha baiolojia tuisheni maeneo ya Sinza, na kila nikifika mada ya jicho maswali huwa hayaishi, wengine wananitumia WhatsApp usiku wa manane na wengine wala sio wanafunzi, ni wazazi wao. Nimeyakusanya hapa yale yanayohusu hii ishu ya seli za kupokea mwanga kuungana kwa umeme, ili mtu akiuliza tena namtumia linki tu basi. Sijayapanga kwa ugumu, anzia popote unapotaka, ila ukiwa mgeni kabisa anza juu.

Mwalimu, ni kweli ndani ya jicho kuna umeme au ni maneno ya vitabuni tu?

Upo kweli, ila usiufikirie kama wa TANESCO. Huu ni wa ioni, yani chembe zenye chaji kama sodiamu na potasiamu zinazoingia na kutoka kwenye seli, na kipimo chake ni milivolti. Seli ya kupokea mwanga ikiwa gizani ndani yake panasoma kama milivolti 40 chini ya sifuri, mwanga ukiipiga inashuka kuelekea 70 chini ya sifuri. Hapo ndo wengi wanapotea, maana mtu anategemea mwanga uiwashe seli, kumbe gizani ndo iko bize, milango ya sodiamu iko wazi na inamwaga glutameti (kemikali ya kupashana taarifa) mfululizo kwa seli inayofuata, mwanga ukija milango inafungwa na glutameti inapungua. Kupungua huko ndo taarifa yenyewe. Ukilishika hili mapema mengine yanakuwa mepesi.

Vijiti na koni ni nini? Wengine tulisoma arts.

Ni aina mbili za seli zilizoko kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Koni ni za mchana na rangi, kila jicho la binadamu lina kama milioni 5 au 6. Vijiti ni vya mwanga hafifu, ni vingi mno, kati ya milioni 90 na 120 kutegemea nani kahesabu, na havitofautishi rangi. Katikati kabisa ya retina, pale unapoelekeza jicho unaposoma meseji, kuna koni tupu zimebanana kufika kama 200,000 kwa milimita moja ya mraba na hakuna kijiti hata kimoja. Ndo maana nyota hafifu ukiikodolea inapotea, ukiangalia pembeni kidogo inarudi.

Si kuna seli za tatu pia zinazopokea mwanga?

Zipo, wameziona vizuri kuanzia 2002, zina melanopsini na kazi yake kubwa ni kuiambia saa ya mwili kama ni mchana au usiku. Na zenyewe zina miunganiko ya umeme na seli jirani zake. Ila humu tunaongelea vijiti na koni, tusichanganye mafaili.

Haya, sasa kuunganika kwa umeme maana yake nini hasa?

Tuingie ndani kabisa. Koni kwa chini inaishia na mguu mpana, na kwenye ukingo wa huo mguu kunatoka vinyuzi vyembamba sana vinanyooka kwenda pembeni mpaka viguse mguu wa koni ya jirani, au kile kifundo cha mwisho cha kijiti. Pale vinapogusana, utando wa seli hii na wa seli ile vinakaribiana mpaka inabaki nafasi ya nanomita 2 mpaka 4 tu, na hiyo nafasi imevukwa na vimirija vya protini vinavyotoboa pande zote mbili. Kila kimrija kina vipande 12 vya protini inayoitwa koneksini, 6 vya seli hii na 6 vya seli ile, vimekutana katikati vikaacha tundu. Kwenye retina ya mamalia koneksini ya kazi hii kati ya vijiti na koni inaitwa koneksini 36. Vimirija vingi vikikaa kundi moja ndo gepu janksheni.

Kwenye hilo tundu ioni zinapita, na molekyuli ndogondogo pia zinapita, kubwa zinakwama. Kwahiyo koni moja ikishuka milivolti kadhaa, jirani yake nayo inashuka kidogo, hapohapo, bila kusubiri kemikali imwagwe. Na inaenda pande zote mbili, hakuna mtumaji wala mpokeaji. Hiyo ndo tofauti kubwa na sinapsi (kiungo cha seli na seli) ya kawaida tunayofundishana, ile ya kemikali, ambayo taarifa inaenda upande mmoja tu na inachelewa kidogo.

Nani waligundua? Na lini?

Sinapsi ya umeme kwa ujumla walionesha Furshpan na Potter mwaka 1959, kwenye mnyama wa majini jamii ya kamba. Kwa jicho, kazi iliyofungua mlango ni ya Baylor, Fuortes na O'Bryan mwaka 1971, walichomeka elektrodi kwenye koni za kasa wakaona kitu kisichotegemewa: koni moja inajibu zaidi ukipanua doa la mwanga mpaka likaangukia majirani zake, na ukiingiza umeme kwenye koni moja, ya pili nayo inashtuka. Kama kila koni ingekuwa inafanya kivyake hilo lisingetokea. Mwaka 1973 Raviola na Gilula wakaziona hizo gepu janksheni zenyewe kwa hadubini ya elektroni.

Sasa watu wakasema sawa, kasa ni kasa, mnyama mwenye macho makali hawezi kukubali ujinga huo. Ikaja 1977 paka, Nelson na Kolb kila mmoja kwa njia yake, ikaonekana koni za paka zinapokea taarifa za vijiti. Mwaka 1995 Schneeweis na Schnapf wakapima kwa nyani aina ya makaku, wakakuta signali za vijiti ziko ndani ya koni. Makaku jicho lake linafanana na la kwetu sana, kwahiyo ubishi wa aina hiyo uliishia hapo.

Mbona inaonekana kama hasara? Kila seli ikichanganya taarifa na jirani picha si inakuwa na ukungu?

Swali zuri kuliko yote humu, na jibu lake ndo sababu nimeandika huu ukurasa.

Kuna hasara ndio, ila lazima ujue jicho lilikuwa na tatizo gani kabla. Kila koni ina kelele yake. Fotoni (chembe za mwanga) zenyewe zinaanguka kwa bahati nasibu, molekyuli ndani ya seli zinajiwasha zenyewe, milango ya ioni inafunguka na kujifunga bila mpango, kwahiyo hata ukiangalia ukuta mweupe usiobadilika voltiji ya koni inatetemeka muda wote. Ubongo ukipokea mtetemo hauwezi kujua huu ni mwanga kweli au ni seli inajisemea.

Chukua nyumba ya kupanga uswahilini, vyumba sita, kuta hazijafika kwenye bati, na kila chumba kuna redio iko kwenye mechi ileile ya Simba na Yanga lakini mawimbi mabovu. Redio ya Mama Asha inakwaruza sasa hivi, ya mpangaji wa mwisho itakwaruza baadae, hazikwaruzi kwa pamoja. Mtangazaji ni mmoja. Ukikaa chumbani kwako ukasikia yako na za majirani kwa mbali, unaipata mechi vizuri zaidi kuliko ukiwa na ya kwako tu, kwa sababu mikwaruzo inamezana na sauti ya mtangazaji inajumlishika.

Kihesabu, seli 4 zikichangia sawasawa kelele inabaki nusu, 9 inabaki theluthi, ni kipeuo cha pili kile. Bila shaka koni hazichangii sawa, yako inabaki kubwa na ya jirani inakuja kidogo, lakini wazo ndo hilo. Na cha msingi mchanganyo unafanyika mapema kabisa, kabla kelele haijapitishwa kwenye sinapsi ya kemikali, maana sinapsi inapotosha kidogo uwiano na kelele ikishapita pale kuitoa ni shida.

Ukungu je? Upo, ila lenzi yako na konea vyenyewe havichori nukta kali, mwanga wa nukta moja unasambaa ukaangukia koni kadhaa. Yani koni jirani tayari zinaona karibu kitu kimoja. DeVries na wenzake mwaka 2002 walipima kwa kindi wa ardhini, wakakuta muunganiko wa koni na koni ni kama pikosimensi 220 (kipimo cha wepesi wa umeme kupita), wakapiga hesabu kwamba kwa kiwango hicho ukungu unaoongezwa na muunganiko ni mdogo kuliko ule ambao lenzi zimeshauleta. Kwahiyo unalipa kidogo sana unapata usafi mkubwa. Mi naona hii ni biashara nzuri, na kinachonifurahisha ni kwamba bei inategemea ubora wa lenzi: kama binadamu tungekuwa na lenzi kamilifu, muunganiko huohuo ungetuumiza.

Wanapimaje kitu kidogo hivyo?

Unachukua retina hai ya mnyama, unaikata kipande chembamba, unaiweka chini ya hadubini ndani ya maji yenye chumvi na oksijeni. Una pipeti mbili za kioo, ncha yake ni nyembamba kiasi kwamba ukipumua vibaya mezani umeivunja. Pipeti moja inanasa koni hii, nyingine koni ya pili iliyogusana nayo. Unaipandisha voltiji ya kwanza kwa hatua, unasoma mkondo unaotokea kwa ya pili, unagawanya, unapata kondaktansi. Ikiwa hazijaungana mstari unabaki umelala.

Njia nyingine ni rangi. Unaijaza seli moja nyurobayotini, molekyuli ndogo inayoweza kupenya kwenye koneksini 36, unasubiri, halafu unaangalia ni seli ngapi zimepata rangi. Ile uliyoijaza inawaka sana, majirani wanawaka kwa kufifia kadiri unavyoenda mbali. Picha zake ni nzuri mno.

Kama koni zinachanganya, rangi haziharibiki? Nyekundu na kijani zinabakije tofauti?

Kwa primeti (jamii ya nyani na binadamu) koni nyekundu na kijani zinaungana bila kubaguana, Hornstein, Verweij na Schnapf walionesha hilo kwa makaku mwaka 2004. Kwahiyo ndio, kuna tofauti kidogo ya rangi inapotea hapo. Ila tofauti yenyewe tangu mwanzo ilikuwa ndogo, koni nyekundu kilele chake (urefu wa wimbi la mwanga inaouona zaidi) ni kama nanomita 560 na kijani 530, zimelaliana sana, asilimia kubwa ya wanachokiona ni kilekile.

Koni za bluu ndo habari nyingine. Kilele chao kiko mbali, karibu na 420, na ni chache. Li na DeVries, mwaka huohuo 2004, walikuta kwa kindi wa ardhini mtandao wa bluu uko mbali na wa kijani, hawaungani. Inaleta maana kabisa: ukichanganya bluu na kijani unapoteza taarifa ya maana, ukichanganya nyekundu na kijani unapoteza kidogo na unapunguza kelele.

Nimesikia muunganiko unabadilika mchana na usiku, ni kweli au ni stori za mtandaoni?

Ni kweli, na ndo sehemu tamu.

Kati ya kijiti na koni ile milango ya koneksini haibaki kiwango kimoja masaa 24. Mchana inabanwa, usiku inalegezwa. Ribelayga, Cao na Mangel walichapisha mwaka 2008 kazi yao ya samaki wa dhahabu na panya wakionesha kwamba hii inaongozwa na saa ya retina yenyewe, sio mwanga tu, maana hata ukimuweka mnyama gizani muda wote mzunguko unaendelea. Baadae wakaona jambo hilohilo kwa sungura.

Kinachobana ni dopamini, kemikali nyingine ya kupashana taarifa. Mchana retina inatoa dopamini, inakaa kwenye vipokeo aina ya D4 vilivyoko kwenye vijiti na koni, kemikali ya ujumbe iitwayo sayakliki AMP inashuka ndani ya seli, kimeng'enya kinaitwa PKA kinapoa, koneksini 36 inapungukiwa fosfeti na milango inazibika. Usiku dopamini inashuka, kemikali nyingine, adenosini, inapanda na kusukuma upande wa pili, fosfeti zinabandikwa tena na milango inafunguka. Mnaojiandaa na mitihani msichanganye hapa, fosfeti ikibandikwa kwenye koneksini 36 muunganiko unapanda, sio unashuka, kila mwaka kuna mtu analigeuza.

Kwa nini libadilike? Kwa sababu mchana vijiti vimezidiwa na mwanga, havina cha maana cha kusema, koni zikiendelea kuvisikiliza ni hasara tupu. Usiku koni ndo hazina cha kusema, na waya zake kwenda kwenye ubongo zipo tu, basi vijiti vinazitumia.

Ila msije mkasema kila muunganiko kwenye retina unafata ratiba hii. Kila jozi ya seli ina sheria zake.

Kwani vijiti havina njia yake mwenyewe?

Vina, tena tatu. Ya kwanza ni ndefu: kijiti kinampa seli ya baipola ya vijiti (seli ya kati ndani ya retina), yeye anampa seli ya amakrini aina ya AII, nayo ya kati, na huyo AII anaingiza kwenye baipola za koni, tena kwa gepu janksheni nyingine. Hii ndo nyeti kuliko zote, inafanya kazi kwenye giza la nyota. Ya pili ni hii yetu, kijiti kinaingia moja kwa moja kwenye koni kwa koneksini 36. Ya tatu kijiti kinagusa moja kwa moja baipola za koni za upande wa OFF, zile zinazojibu mwanga ukipungua; za ON hujibu ukiongezeka.

Panya walioondolewa jeni ya koneksini 36 kabisa, Deans na wenzake 2002, walipoteza taarifa za vijiti upande wa ON, kwa sababu njia ya kwanza na ya pili zote zinaitegemea koneksini hiyohiyo. Ukiitoa umekata mbili kwa mpigo.

Hiyo njia ya pili inafanya kazi muda gani kwa mtu wa kawaida hapa Dar?

Magharibi. Ule muda wa saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja hivi, jua limeshazama, taa za barabarani hazijawaka zote, foleni ya Kimara imesimama na bodaboda wengine hawajawasha taa. Vijiti na koni vyote vinafanya kazi kwa pamoja. Mwanga umezidi ule wa njia ya kwanza lakini haujatosha koni kujitegemea. Na sisi tuko karibu na ikweta, magharibi yetu ni fupi, jua halizami kwa mshazari kama Ulaya, linadondoka.

Muda huo jaribu kitu: angalia kanga yenye nyekundu na bluu. Nyekundu inaelekea kwenye weusi na bluu inaonekana kama imepanda. Hiyo aliiandika Purkinje mwanzoni mwa miaka ya 1800, inatokea kwa sababu vijiti ndo vinachukua usukani na vyenyewe kilele chake ni karibu nanomita 500, mwanga mwekundu vinauona kwa shida sana. Dereva anayesema "mbona sikuiona ile nguo nyekundu" huenda hadanganyi.

Kuna ushahidi wowote kwa binadamu hai, au ni wanyama tu?

Huwezi kumchoma binadamu elektrodi kwenye koni, lakini kuna ujanja mmoja naupenda sana. Ukimuonesha mtu taa inayopepesa mara 15 kwa sekunde, kwa mwanga wa kiwango fulani ambao ni vijiti tu vinauona, taa inaonekana imetulia, haipepesi. Ongeza mwanga kidogo inaanza kupepesa tena. Stockman, Sharpe na wenzao walilifanyia kazi hili kwa kina mwaka 1991. Maelezo ni kwamba kuna njia mbili, ya polepole na ya haraka, na kwa kasi ya 15 nusu mzunguko ni kama milisekunde 33, ambayo ni tofauti ya kuchelewa kati ya njia hizo, kwahiyo moja inasema juu wakati nyingine inasema chini, zinafutana. Ya haraka wanaihusisha na hii ya gepu janksheni kati ya kijiti na koni.

Hata kipimo cha umeme wa retina kikifanyika kwa kupepesa hivyo, mawimbi yanakaribia kupotea palepale. Yani sio mtu anajisikia tu.

Kijiti kinaweza kuona fotoni moja. Kikiigawa kwa majirani si inapotea?

Hapa wataalamu wanabishana na mi nawaelewa pande zote.

Hecht, Shlaer na Pirenne mwaka 1942 walionesha kwamba mtu anaweza kuona mmweko unaotokana na fotoni 5 mpaka 14 tu zilizofyonzwa na vijiti, zikiwa zimesambaa kwenye vijiti vingi kiasi kwamba ni vigumu kimoja kipate mbili. Kwahiyo kijiti kimoja na fotoni moja kinatoa taarifa. Sasa gizani kabisa, kijiti kimoja kikipata fotoni na majirani wake hawajapata kitu, kugawa maana yake ni kupunguza ile signali na kuchukua kelele za wasiokuwa na habari. Mbaya zaidi sinapsi ya kijiti kwenda baipola ina kizingiti, kama Field na Rieke walivyoonesha kwa panya mwaka 2002, vinavyotetemeka kidogo vinakatwa. Signali iliyogawanywa inaweza kukatwa pamoja na takataka.

Upande wa pili, mwanga ukipanda kidogo tu, vijiti vingi vinapata fotoni kwa wakati mmoja na hesabu inageuka, kugawana kunalipa. Pia kwa panya imeonekana vijiti kuungana vyenyewe kwa vyenyewe ni kidogo sana, karibu muunganiko wote ni wa kijiti na koni, kwahiyo hasara hiyo haisambai ovyo. Mi naegemea upande wa wanaosema muunganiko haukuwekwa kwa ajili ya giza la mwisho kabisa, umewekwa kwa ajili ya mwanga wa kati.

Umeme ukikatika ghafla nyumbani dakika za mwanzo sioni hata mlango. Ndo milango ya koneksini inachelewa kufunguka?

Hapana, hiyo sababu yake kubwa ni rangi ya kwenye seli, rodopsini, ambayo mwanga umeibomoa na inatakiwa kujengwa upya. Koni zinamaliza kama dakika 10, vijiti vinaenda mpaka nusu saa na zaidi. Na kujenga upya kunahitaji vitamini A, ndo maana watoto wanapewa yale matone kliniki. Mtoto anayejikwaa kila jioni mpeleke akaangaliwe, usikae nyumbani kusoma habari za koneksini.

Ni kweli kwinini inaziba hizi gepu janksheni?

Maabara, ndio. Mwaka 2001 Srinivas, Hopperstad na Spray walionesha kwamba kwinini inaziba vimirija vya koneksini 36 huku aina nyingine nyingi za koneksini ikiziacha. Mwaka 2004 ikaonekana meflokwini, nayo dawa ya malaria, inaziba kwa dozi ndogo zaidi. Watafiti wa retina leo wanaitumia meflokwini na dawa nyingine aina ya asidi ya meklofenamiki kama chombo cha kazi, wakitaka kuzima muunganiko waone kinachobadilika.

Wazazi wetu waliopigwa dripu za kwinini wanakumbuka masikio kulia vuuu na macho kuyumba. Msiunganishe haraka lakini. Kwinini ikizidi inadhuru retina na masikio kwa njia zake, na kilichopimwa kwenye seli za kwenye sahani sio lazima ndo kilimpata babu yako wodini. Mtu akikuandikia kwamba kwinini inapofusha "kwa sababu ya koneksini" muulize ameitoa wapi.

Mwanangu haoni mbali, nimesoma kuna jeni inaitwa GJD2. Ndo hii?

Ndo jeni yenyewe inayotengeneza koneksini 36, iko kromosomu ya 15. Mwaka 2010 utafiti wa vinasaba vya watu wengi ulikuta eneo lililo jirani nayo linahusiana na kutoona mbali. Inasisimua kwa sababu dopamini ya retina nayo inahusishwa na ukuaji wa jicho, na dopamini ndo ile inayobana milango. Ila mchango wa eneo hilo kwa mtu mmoja ni mdogo, yapo maeneo mengine mengi sana, na hakuna kipimo cha jeni cha kumfanyia mwanao leo kikabadilisha matibabu. Mnunulie miwani iliyopimwa, na mruhusu acheze nje mchana, hilo la kucheza nje lina ushahidi mzuri kwamba linapunguza uwezekano wa tatizo kuanza.

Kwenye retinaitisi pigmentosa (ugonjwa wa kurithi wa retina) vijiti vinakufa kwanza halafu koni. Sumu inapita kwenye hayo matundu?

Wazo hilo lilipendekezwa, Ripps aliliandika 2002, na linavutia kwa sababu linaeleza kwa nini koni ambazo hazina kosa zinafuata kufa. Ila Kranz na wenzake mwaka 2013 walichukua panya wenye ugonjwa wa aina hiyo wakaondoa koneksini 36 kwenye koni, na koni zikaendelea kufa vilevile. Kwahiyo kwa koneksini 36 angalau, wazo liko kwenye hali mbaya. Kuna maelezo mengine, mfano koni kukosa chakula vijiti vikishaondoka.

Kuna juisi, karoti au tiba lishe ya kuongeza muunganiko?

Hakuna. Na usingetaka, mchana unatakiwa uwe mdogo.

Naweza kupima muunganiko wangu hospitali hapa Dar?

Hapana, na sio Dar tu. Kipimo kinachokaribia ni kile cha umeme wa retina, ambacho kinasoma retina nzima kwa mkupuo na daktari anakiagiza akishuku ugonjwa wa vijiti au koni, hakikwambii koni namba fulani imeunganika vipi na jirani yake. Kama umefika umri wa miaka 40, au una kisukari, au kuna glakoma kwenye ukoo, nenda kliniki ya macho wakupime presha ya jicho na waangalie retina kwa kutanua mboni. Siku hiyo usiende na gari wala bodaboda yako, yale matone ya kutanua yanakuacha unaona ukungu masaa kadhaa na jua la Dar utaliona kali kuliko kawaida, nenda na mtu au panda bajaji.

Mwalimu, hili la koneksini linatoka kwenye mtihani?

Soma vijiti, koni na rodopsini kwanza, hivyo ndo msingi na ndo vya kuulizwa. Haya mengine ukiyaandika kwa mstari mmoja pale penye nafasi hayakuharibii, ukiyaandika ukurasa mzima ukaacha kujibu swali usije ukaniambia nilikwambia mimi.